Firigisi ya Jogoo wa Isinya

Chumba kilikuwa tayari kabla ya yeyote kumuuliza mwenyewe. Nilikijenga nyuma ya nyumba yetu Kitengela, pale tulipokuwa tumekusudia kuweka tangi la maji, nikakipaka rangi ya zambarau, nikaweka kitanda, pazia, na hata kizulia cha kupangusia miguu mlangoni. Jumapili baada ya kanisa niliwapeleka wageni kukiona. "Hapa ndipo atakapokaa senje," nilisema, mikono kiunoni kama fundi mkuu, ilhali fundi alikuwa mtu mwingine na kazi yangu ilikuwa kumsumbua.

Senje ni shangazi, dada ya baba, kwa sisi tuliotoka magharibi. Huyu wangu alikwenda Mombasa akiwa msichana kufua mashuka hotelini, akaolewa huko, akazeeka huko, na sasa alikuwa mjane asiye na mtoto, anaishi peke yake Likoni. Kwenye mkutano wa familia mwezi wa Desemba watu waliguna na kutikisa vichwa: mzee kama huyo, peke yake, kwenye joto lile. Mimi nikasimama. Baba alikuwa amefariki na mimi ndiye kifungua mimba wake, kwa hiyo nilijihesabu kuwa mkubwa wa ukoo. Nikasema, "Hiyo niachieni mimi. Nitamleta." Wakanipigia makofi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Si mara nyingi napigiwa makofi.

"Umemuuliza?" mke wangu aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Senje haulizwi. Anaelezwa."

Alinitazama kidogo, kisha akageukia dirisha. Yeye ni muuguzi, na amezoea wagonjwa wanaojua ugonjwa wao kuliko daktari.

Sikukuu ilipoangukia Jumatatu, niliona wakati umefika. Jumamosi tungesafiri, Jumapili tungetembezwa mjini, maana mke wangu hakuwa amewahi kuiona bahari, na Jumatatu tungempakia senje kwenye gari turudi naye. Watoto tuliwaacha kwa dada ya mke wangu. Nilikataza mtu yeyote kuweka kitu kwenye buti la gari. Buti lilikuwa la mizigo ya senje.

Kilichobaki ni jogoo.

Kwetu kuku si kitoweo tu. Ukienda kwa senje yako unabeba kuku, tena mzima, anayeweza kulalamika. Kuku wa friji ni matusi. Na heshima yenyewe iko ndani yake, kwenye firigisi. Firigisi hupewa mwanamume mwenye boma. Mtoto akiila jikoni kwa siri atajulikana, na atalia. Baada ya kumzika baba, kuku wa kwanza aliyepikwa nyumbani, firigisi yake ilitua kwenye sahani yangu. Sikuwa na njaa. Niliila yote nikitazama ukuta ili nisilie mbele ya wajomba.

Basi mpango wangu ulikuwa huu, na niliuona wa busara sana: senje atapokea jogoo, nitamchinja kwa mkono wangu, senje atampika, ataweka firigisi kwenye sahani yangu. Akishafanya hivyo atakuwa amekubali mbele ya Mungu na wali kwamba mimi ndiye mkubwa. Hapo ndipo nitamweleza kuhusu chumba, naye hataweza kunikatalia. Nilipomweleza mke wangu mpango huo alicheka hadi akaketi chini.

Jogoo nilimpata Isinya kwa mama mmoja wa Kimaasai. Nilimwamkia kwa Kimaasai changu ambacho ni salamu tupu, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia, "Iko," akangoja niendelee, nami sikuwa na la kuendelea nalo. Tukahamia Kiswahili.

"Hii kuku inaenda wapi?"

"Mombasa, kwa shangazi yangu."

"Kwani huko hakuna kuku?"

"Iko, lakini si kama hii."

Alimtazama jogoo, mkubwa, mwekundu, mwenye kiburi, akatikisa kichwa. "Hii iko na bahati. Mimi hata Voi sijafika."

Kwa kuwa buti lilikuwa la senje, jogoo alisafiri kiti cha nyuma, ndani ya boksi lenye matundu, nikamfunga mkanda. Tuliposimama Mtito Andei kunywa chai aliwika mpaka watu wakaja kuchungulia. Tulipopita Mariakani alikuwa kimya.

Mimi pia nilikuwa nimenyamaza. Hapa inanibidi niseme kuhusu Magadi. Kabla ya kuhamia Kitengela nilifundisha huko, kando ya ziwa la magadi, mahali ambapo ukianika shati linakauka kabla hujaingia ndani. Kila aliyetuonya kuhusu joto la Mombasa nilimkata kauli: "Mimi nimekaa Magadi." Nililisema kwa majirani, kwa mchungaji, kwa mtu wa kujaza mafuta pale Emali ambaye hakuwa ameuliza. Nilikuwa nimesahau kwamba joto la Magadi ni kavu na la Mombasa limelowa. Unyevu wa hewa nimeufundisha miaka mingi, nauchora ubaoni na mishale yake. Sikuwa nimewahi kuuvaa.

Kwenye feri ya Likoni tulitoka ndani ya gari. Mke wangu aliitazama bahari pale inapofunguka kuelekea nje, akanishika mkono wa shati. "Haina mwisho," alisema kwa sauti ndogo. Nilianza kumweleza kuhusu mviringo wa dunia. Akahamia upande wa pili wa gari.

Senje alikuwa amesimama mlangoni, amevaa dera la kijani na leso mabegani, mnene kuliko nilivyomkumbuka na mfupi pia. Nyumba yake ni ile ya ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua wenye kisima na majiko. Yeye ana vyumba viwili vya mbele. Vingine wamepanga watu, na wote walikuwa wametoka kututazama.

"Karibuni, wanangu. Poleni na safari. Baba, mbona umelowa hivi? Mmepitia baharini?"

Nilimtoa jogoo kwenye boksi. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu ukoo, na niliianza, huku nimemnyoosha jogoo mbele kwa mikono miwili. Jogoo aliangusha kichwa upande. Senje alinisikiliza hadi katikati, akamchukua, akamwekea maji kwenye bakuli, kisha akaniwekea na mimi. Tuliketi ukumbini mimi na jogoo, chini ya feni moja, tumefungua midomo.

Jioni ile nilijaribu kuanza mazungumzo. "Senje, kuna jambo familia imenituma."

"Mgeni hasemi siku ya kwanza," alisema. "Kesho."

Kesho yake, baada ya ibada, nilisema tena, "Senje, lile jambo."

"Mke wako ameiona Fort Jesus?"

Hakuwa ameiona. Basi tukaenda Fort Jesus. Huko kila kaunta na kila mlango palikuwa na mtu wa kumsalimu senje. Nilichagua mahali pazuri juu ya ukuta, penye upepo, nikakohoa. "Senje, unajua sisi tunakufikiria sana." Akamshika mke wangu mkono. "Hebu tazama meli ile inavyoingia." Wakatazama meli mpaka ikaingia yote.

Tukaenda kwenye zile pembe kubwa za ndovu zilizosimamishwa barabarani, wakapigana picha. Tukaenda kula viazi karai kwa mama mmoja aliyemwita senje "dada" na akakataa kutuuzia mpaka aeleze habari zote za goti lake. Senje alimsikiliza, akamwambia anywe dawa zake zote, asiruke siku. Tukaenda hadi lango la nyuma la hoteli alikofulia mashuka maisha yake yote ya ujana. Mlinzi alimpigia saluti. "Huyu ndiye mama yetu," alituambia. Senje alitia uso kwenye leso akacheka kama msichana, na mimi, badala ya kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu, nilikuwa nahesabu moyoni jinsi ya kurudisha mazungumzo kwenye chumba cha zambarau.

Ilikuwa hapo langoni miguu yangu ilipoacha kazi. Sikuzimia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mke wangu husema nilizimia. Niliketi tu, ghafla, juu ya ukingo wa barabara, na kwa muda sikuwa na maoni juu ya jambo lolote. Nasikia nilisema, "Mimi nimekaa Magadi," nikafunga macho. Senje alipewa jagi la maji na mlinzi, akanimwagia lote kichwani, akalowesha leso yake akanifunga nayo kichwa kama mama mzazi aliyetoka hospitali. Akanishikia dafu ninywe. Mke wangu alipohakikisha kwamba mapigo yangu yako sawa, alipiga picha akaituma kwa familia.

Majibu yalikuja haraka. Wengi walicheka. Mjomba mmoja, ambaye hana mzaha, aliandika: "Amekubali kuja?"

Nikaandika, nikiwa na leso kichwani, "Tunaendelea vizuri."

Tuliporudi Likoni alasiri, niliona sasa ni saa ya jogoo. Nilifungua begi nikatoa kisu nilichokuwa nimekinoa Kitengela na kukifunga ndani ya taulo. Nikatoka nacho uani nimekunja mikono ya shati. Senje alikuwa ameshamwita mume wa jirani yake, mzee mpole mwenye kofia, naye alikuwa anatawadha.

"Hicho kisu kirudishe kwa begi, baba."

"Senje, lakini mimi ndiye wa kuchinja. Ndivyo inavyokuwa."

"Ukichinja wewe tutakula sisi watatu. Akichinja yeye tutakula sote."

Nikasimama pale na kisu changu. Mzee alinitazama kwa huruma, akaniomba nimshikie miguu ya jogoo. Hiyo ndiyo kazi niliyopata. Niliishika kwa nguvu zote, na jogoo akachinjwa kwa bismillahi, na mke wa yule mzee, jirani wa senje wa mlango wa pili, akaleta nazi aliyokwisha kuikuna. Yeye na senje walipika pamoja bila kuulizana kitu. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake alikuwa ameshatoa chumvi. Mimi niliketi kwenye kigoda nikinusa, nikijipa moyo. Kuchinja nimekosa, sawa. Firigisi bado.

Kulipakuliwa mkekani, sinia mbili, tukakaa sote: mimi na mke wangu, yule jirani na mumewe, na wengine wa vyumba vya nyuma waliokuja na sahani zao, wakatiliwa, wakaondoka wakishukuru. Senje ndiye aliyekuwa na mwiko. Paja likaenda kwa yule mzee. Kidari kwa mke wangu. Shingo kwa jirani, anaipenda. Bawa likaja kwangu. Nilikubali bawa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kinachofuata. Kisha nikaiona firigisi. Ilipanda juu ya mwiko kutoka ndani ya mchuzi, imekatwa vizuri, inang'aa. Nikasogeza sahani yangu mbele kidogo. Mke wangu aliniona, akauma leso aliyokuwa amejifunga.

Senje aliipuliza firigisi ipoe, akaitia kinywani, akaanza kutafuna.

Alitafuna polepole, maana meno si yale. Mimi niliitazama sahani yangu iliyosogezwa mbele, na sikujua niirudisheje.

"Ulikuwa unaingoja hii?" senje aliniuliza alipomeza.

"Hapana, senje."

"Ulikuwa unaingoja." Akajifuta mkono. "Mume wangu alipoondoka, kuku wa kwanza niliyempika nilikaa na firigisi kwenye kijiko, sijui nimpe nani. Kwetu mimi siwezi kuila. Nyumbani hamna mwanamume. Nikaanza kulia. Huyu," akamgusa jirani goti, "akanikuta. Nikamweleza. Akasema, sasa mwenye nyumba si wewe? Basi kula wewe. Nikaila. Tangu siku hiyo naila mimi."

"Na chumba nimesikia," akaendelea. "Mmenijengea. Rangi gani?"

"Zambarau."

"Nani aliwaambia naipenda zambarau?"

Nilifikiri. Kwa kweli hakuna aliyetuambia. "Tulionelea tu," nilisema. Jirani alificha uso. Mke wangu hakuficha.

"Na kwa nini hukuniuliza? Simu unayo. Ungeniuliza, senje, utakuja? Ningekuambia sitakuja, nawe ungekuja tu kutembea, ungemla jogoo wako kwa raha."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na umri wake, goti lake, mkutano wa Desemba, mjomba asiye na mzaha. Lakini nilikuwa nimechoka, nimemwagiwa maji mbele ya watu, nimeshikishwa miguu ya kuku, na ukubwa wote ulikuwa umenitoka kwa jasho. Nikasema kilichokuwa kweli.

"Naogopa, senje."

"Unaogopa nini?"

"Baba alipokufa alikuwa safarini. Nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Aliniuliza, wewe ni nani wa mwenye simu hii? Hata jina lake sikulijua, wala sikumwona tena. Sauti yake naisikia mpaka leo nikiona namba ngeni. Naogopa siku moja itakuwa hivyo kwako. Nataka uwe karibu niwe nakuona."

Sikupanga kulia, hasa mbele ya sinia. Mke wangu aliacha kucheka, akaniwekea mkono mgongoni. Mzee wa kofia aliinamisha kichwa. Senje alichota wali, akaurudisha.

"Mimi mamangu alipokufa nilikuwa hapa hapa Likoni," alisema. "Najua simu hiyo." Kisha akamgeukia jirani yake. "Sogea, mama. Kaa hapa karibu na mtoto wangu."

Jirani akasogea, akakaa bega kwa bega nami.

"Mtazame vizuri," senje aliniambia. "Siku yangu ikifika, ni huyu atakayekupigia. Si mtu mwingine. Basi mjue. Kula naye, mpe namba yako, muulize habari za watoto wake. Asiwe mgeni. Mimi siendi Kitengela kukaa nikingoja kufa kwenye chumba cha zambarau. Nitakuja kutembea. Lakini hilo la simu tunaweza kulitengeneza leo."

Na tukalitengeneza. Jirani alitoa simu yake kwenye pindo la leso, nikamsomea namba yangu, akaniandika "Mwalimu wa Bara," nami nikaihifadhi yake. Niliuliza habari za watoto wake. Alinieleza, na alipoona bawa langu bado liko pale pale aliinyofoa nyama yake kwa vidole akaniwekea mbele, kama ananifahamu tangu zamani. Nilikula. Alikuwa jogoo mtamu. Yule mama wa Isinya alikuwa na haki ya kumwonea wivu.

Jumatatu buti la gari lilijaa hata hivyo: nazi, maembe, kitu kilichosukwa kwa ukili ambacho sijui matumizi yake, na ndoo ya achari iliyofungwa kwa nailoni na bado ikamwagika. Njiani mke wangu aliniuliza nitaiambia nini familia. Nikasema nitaiambia ukweli. Akasema basi ana hamu ya kuwepo. Mjomba asiye na mzaha alisikia yote, na mwisho akauliza swali moja tu: "Aliila yeye? Mbele yako?" Hajanisamehe.

Chumba cha zambarau kipo. Tangi la maji tuliliweka juu ya paa. Mke wangu hupigia pasi mle ndani, na mimi husahihishia humo madaftari.

Wiki chache baadaye nilikuwa darasani nikichora mishale ya upepo, malori ya mawe yakipita nje kwa kelele, simu ikatetemeka mfukoni. Nilichungulia, nikaona ni jirani wa senje. Chaki ilinianguka. Nilitoka nje bila kuwaaga wanafunzi, nikakaa muda bila kubonyeza, nikiwaza kwamba haijapita hata miezi miwili tangu tuagane na senje.

"Mzima," sauti ilisema kabla sijasema halo. "Senje wako mzima wa afya, yuko kisimani anafua. Alinambia kila nikikupigia nianze na neno hilo, halafu ndiyo nikusalimu. Hujambo, mwalimu? Nilitaka kukuuliza, huko kwenu vitunguu ni bei gani?"

Nilimwambia bei ya vitunguu. Nadhani niliikosea. Tangu hapo hunipigia mara kwa mara, kuhusu vitunguu, kuhusu shule za bweni, mara moja kuhusu mvua, na kila mara huanza na neno lilo hilo. Najua iko siku atapiga na hataanza nalo. Nitakaa chini popote nitakapokuwa, na nitamsikiliza, na sitamuuliza yeye ni nani.